Alama, Chapa na Nakshi: Istilahi za Mashine ya Leza kwa Karakana Ndogo

Miongoni mwa karatasi ambazo mfasiri wa ofisi ya mkoa au ya halmashauri hupewa azigeuze Kiswahili kwa haraka, orodha za mashine na bei zake ndizo zinazodharauliwa kuliko zote. Hotuba hupewa siku mbili na mtu wa kuipitia. Orodha ya bei hupewa nusu saa. Hata hivyo hotuba iliyotafsiriwa vibaya huwachosha wasikilizaji tu, ilhali orodha ya bei iliyotafsiriwa vibaya yaweza kuitia karakana katika deni la miaka. Katika makala haya tumekusudia kulionyesha jambo hilo kwa mfano mmoja, nao ni mashine ya kutia alama kwa leza, ambayo bei yake imeshuka kiasi cha kuanza kufikiriwa hata na karakana ndogo za mikoani.

Tumeichagua Sumbawanga, na uwanda wa juu wa Ufipa kwa jumla, kwa sababu ya kilugha. Katika nchi hiyo iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, kazi ya chuma ina historia ndefu na msamiati wake wenyewe. Wafipa walipata chuma kwa hatua mbili. Ya kwanza ilifanyika katika ilungu, tanuri refu la udongo lililoweza kufikia kimo cha mita tatu, likivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Kilichotoka humo hakikuwa tayari kwa mhunzi. Kilikuwa bado kimechanganyika na takataka, na hapana budi kisafishwe katika tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, ambalo lilipulizwa kwa mivukuto. Baada ya hapo ndipo chuma kilipofuliwa kuwa jembe, shoka au mkuki. Wataalamu kadhaa wameyachunguza malungu hayo, mmoja wao akiwa mwanaakiolojia wa Tanzania, Bertram Mapunda.

Sasa mfasiri akiandika "tanuri" mahali pa ilungu, na "tanuri" tena mahali pa kintengwe, hakuivunja kamusi. Lakini msomaji wake hatajua kamwe kwamba palikuwa na kazi mbili, wala kwa nini moja ilihitaji mivukuto na nyingine haikuihitaji. Kosa la namna hiyo hiyo ndilo tunalolikuta katika orodha za mashine za leza, ambamo neno "kuchora" limebebeshwa mizigo mitano.

Kwanza tuliangalie neno lenyewe. Leza ni neno lililoundwa kwa herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kukuza mwanga kwa kuchochea utoaji wa mnururisho. Chombo cha kwanza cha aina hiyo kiliwashwa na Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei 1960. Hatuoni haja ya kuliundia neno hilo herufi za mwanzo za Kiswahili. Kiswahili kilikwisha kulipokea neno "rada", ambalo liliundwa kwa njia iyo hiyo, na hakuna aliyelilalamikia. Leza liingie katika ngeli ya i-/zi-, kama rada. Ila mfasiri atofautishe "leza" na "mashine ya leza". Leza ni ile sehemu inayozalisha mwale. Mashine ni leza pamoja na vioo, lenzi, meza, feni na kompyuta inayoiongoza. Muuzaji anapoandika kwamba dhamana ya miaka miwili ni ya leza, hasemi kwamba feni ikifa mwezi wa tatu atailipa.

Kuhusu mwanga, tunashauri kinachotoka katika leza kiitwe "mwale", kwa kuwa ni mwembamba na huenda upande mmoja, wala si mwanga ulioenea. Tena mwanga katika Kiswahili ni nuru, lakini pia ni mchawi wa usiku ambaye wingi wake ni wanga. Na wenyeji hulifasiri jina la Sumbawanga kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Hatudhani kwamba kuna fundi wa mji huo atakayechanganya mambo haya mawili, lakini mwandishi wa habari mwenye kupenda vichwa vya habari vya kuchekesha asije akasema hatukumwonya.

Tuje kwenye "kuchora". Mwale unapogusa kitu, mambo yanayoweza kutokea hayafanani, wala hayahitaji mashine moja. Pengine mwale huupasha joto uso wa chuma mpaka ubadilike rangi, na hakuna kinachoondoka. Ukipitisha kidole husikii kitu. Hiyo twaiita kubabua. Pengine huondoa ngozi ya juu tu, mathalani rangi iliyopakwa, na kilicho chini kikaonekana. Hiyo ni kubandua. Pengine huyeyusha uso kidogo na kuacha mkwaruzo ambao ukucha huusikia kwa shida, nayo ni kuchanja. Pengine huondoa kitu chenyewe tabaka baada ya tabaka hadi pawe na shimo lenye kina kinachopimika: huko ni kuchonga. Na pengine hupenya hadi upande wa pili, yaani kukata. Maneno yote matano ni ya zamani, na kila mtumiaji wa Kiswahili huyajua kabla hajaisikia leza. Nne za kwanza kwa pamoja ziitwe "kutia alama". Kukata kubaki peke yake. "Kuchora" tungependa kuachiwe kazi yake ya kawaida, yaani kuandaa picha au maandishi katika karatasi au katika kompyuta kabla mwale haujawashwa.

Tofauti hii si ya watu wa kamusi tu. Chukua karakana inayotengeneza majembe na vipuri vya plau, kazi ambayo katika Ufipa, nchi ya mahindi na ng'ombe wa kulimia, haikosi wateja. Jembe husuguliwa na udongo kila siku ya msimu. Alama iliyobabuliwa au kuchanjwa kwenye bapa haitamaliza msimu huo. Na hata kwenye shingo ya jembe, ambako msuguano ni mdogo, itafunikwa na kutu. Hapo panatakiwa kuchonga. Lakini vijiko, sahani na mitungi ya chuma kisichoshika kutu inafaa kubabuliwa, kwani kuchonga hufungua mahali pa uchafu kukaa na huweza kuanzisha kutu pale ambapo haikuwapo. Orodha inayosema tu kwamba mashine "huchora kwenye chuma" haimwambii mhunzi chochote.

Kuna maneno mawili mengine ambayo mfasiri atakutana nayo katika karatasi hizo hizo. "Chapa" ni alama ya mwenye mali au ya mtengenezaji. Wafugaji wanaijua, maana ng'ombe hupigwa chapa kwa chuma cha moto, na utambuzi wa mifugo una sheria yake, Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010. Wakulima nao wanaijua. Chapa ya mamba iliyopigwa kwenye majembe ya kampuni ya Chillington ya Uingereza iliwafanya wengi waliite jembe lenyewe kwa jina la mnyama huyo. "Nakshi" ni pambo, na haina kazi ya kumtambulisha mtu. Mashine moja yaweza kutia vyote viwili, lakini barua ya kuombea mkopo iseme ni kipi kitakacholeta fedha.

Hapa tuongeze onyo dogo. Tumeona wauzaji wakisifu mashine kwa kusema hutia alama bora, yaani alama safi zinazosomeka, na wafasiri wakaandika "alama za ubora". Katika Tanzania alama ya ubora ni ile itolewayo kwa leseni na Shirika la Viwango, TBS. Karakana isiyo na leseni hiyo haina ruhusa ya kuitia katika bidhaa zake, hata ikinunua mashine ya bei gani. Iandikwe "alama safi", basi.

Aina za leza ambazo karakana ndogo yaweza kuzifikiria ni tatu, na kila moja huitwa kwa jina la kile kinachozalisha mwale. Katika leza ya gesi, mwale huzaliwa ndani ya mrija wa kioo wenye mchanganyiko ambao kiini chake ni kabonidayoksaidi. Urefu wa wimbi lake kwa kawaida ni nanomita 10,600. Kumar Patel aliigundua mwaka 1964 katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwale wake hufyonzwa vizuri na mbao, ngozi, mpira, karatasi, kioo na plastiki nyingi, lakini chuma kitupu huurudisha kama kioo cha kujitazamia. Leza ya diodi za kawaida hutoa mwale wa buluu wa nanomita 450 hivi. Ni ndogo, ni rahisi kuliko nyingine kwa bei, nayo hufaa mbao na ngozi. Hupita katika plastiki angavu bila kuigusa, na kwenye chuma hujikongoja. Ya tatu ni leza ya faiba, yenye mwale wa nanomita 1064 hivi, na hii ndiyo ya vyuma. Mbao haiziwezi. Tungeweza kuiita leza ya uzi wa kioo, na ndiyo maana yake hasa, kwani mwale huzaliwa ndani ya uzi mwembamba wa kioo uliotiwa elementi adimu. Lakini mafundi na wauzaji wamekwisha kuliita faiba, na sisi si watu wa kwenda kuwapokonya neno linalofanya kazi.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si bei. Ni kitu gani atakachokiweka chini ya mwale. Anayetaka kutengeneza mihuri ya mpira, ngao za mbao za kushindaniwa na shule, mikanda ya ngozi na vibao vya majina ya ofisi, ataridhika na leza ya gesi. Anayeanza na mtaji mdogo na mbao peke yake, diodi yamtosha, mradi asiahidi kazi nyingi kwa siku moja. Mwenye majembe, spana, sufuria na vibao vya bati vya namba za mali za serikali atafute faiba. Na yule ambaye kazi yake yote ni kutia namba katika majembe hamsini kwa mwezi, tunamwambia waziwazi kwamba seti ya vyuma vya herufi na namba vinavyopigwa kwa nyundo itamtosha kwa miaka mingi, haihitaji umeme, na alama yake ni ya kina. Jarida la istilahi halina sababu ya kumuuzia mtu mashine.

Karakana nyingi za aina hii huanza kwa fedha za kukopa. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ambalo liliundwa mwaka 1973, hutoa ushauri kwa wenye viwanda vidogo. Kikundi kikiandikiwa "mashine ya kuchora vyuma na mbao", kisha kikaletewa leza ya gesi, mbao zitachongeka na majembe yatabaki yaking'aa bila hata doa. Mashine haikuharibika, muuzaji hakudanganya, na rejesho la mkopo hulipwa vilevile.

Sasa tuingie katika neno lililo gumu kuliko yote, nalo ni "nguvu". Katika fizikia tumekwisha kuzoea kutenga kani, nishati na nguvu, na nguvu ni kiasi cha nishati kinachotoka kwa kila sekunde, kipimo chake kikiwa wati. Lakini wati za nini? Baadhi ya wauzaji, hasa wa mashine za diodi, huandika kwa herufi kubwa umeme unaoingia katika mashine, ilhali mwale unaotoka ni sehemu ndogo ya huo. Mashine inayotangazwa kuwa ya wati 40 yaweza kutoa mwale wa wati 5. Mfasiri akiandika "nguvu wati 40" bila kuuliza, amekuwa msemaji wa muuzaji. Tunapendekeza ziwepo istilahi mbili zisizokaa mahali pamoja: "nguvu ya umeme" kwa inayoingia, na "nguvu ya mwale" kwa inayotoka. Karatasi ya asili isipobainisha, mfasiri aweke alama ya kuuliza pembeni na kuirudisha kwa mwenye nayo. Hiyo si aibu. Ni sehemu ya kazi.

Katika faiba pana ugumu zaidi. Leza nyingi za kutia alama hazitoi mwale mfululizo, bali hutoa mipigo. Tuseme mashine ina nguvu ya mwale wati 20, nayo hupiga mipigo 20,000 kwa sekunde. Kila mpigo utakuwa na nishati ya sehemu moja ya elfu ya jouli. Hicho ni kidogo sana. Lakini ikiwa mpigo hudumu kwa sehemu moja tu ya sehemu milioni kumi za sekunde, basi katika muda huo nguvu yake hufikia wati 10,000, na hiyo ndiyo inayolitoa tabaka la chuma kabla joto halijaenea. Kwa hiyo wati 20 ni "nguvu ya wastani", na wati 10,000 ni "nguvu ya kilele". Mtu akizilinganisha mashine mbili, moja kwa wastani na nyingine kwa kilele, ni kama mwenye kulinganisha gunia na debe kwa kuhesabu tu.

Pia pana "uwanja wa kazi", yaani eneo ambalo mwale unaweza kulifikia bila kitu kusogezwa. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 160 kwa kawaida hutoa uwanja wa milimita 110 kwa 110. Lenzi ya fokasi ndefu hupanua uwanja, ila nukta ya mwale nayo hunenepa na makali yake hupungua. Kwa shingo ya jembe uwanja mdogo watosha.

Kuhusu usalama tutasema kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapo tafsiri mbaya haimalizikii kwenye fedha. Kwa viwango vya kimataifa, leza hupangwa kuanzia namba 1, isiyo na madhara katika matumizi ya kawaida, hadi 4, ambayo hata mwale uliorudishwa na kitu kisichong'aa waweza kuumiza jicho. Mashine za kutia alama zisizofunikwa huwa na leza za namba 4. Wafasiri wengi huandika "daraja la 4". Lakini katika nchi yetu kila mzazi anajua daraja la nne ni nini katika matokeo ya mtihani, na mtumishi akisoma hivyo aweza kudhani kwamba ni mashine hafifu, au kwamba yenye namba 1 ndiyo yenye makali. Kwa hiyo twapendekeza "kundi la hatari la 4". Namba ikipanda, hatari imepanda, na neno lenyewe latamka hivyo.

Jambo la pili ni miwani. Mwale wa faiba hauonekani. Jicho halijui kupepesa, na mwale hupita moja kwa moja hadi kwenye retina na kuiunguza. Mwale wa gesi nao hauonekani, lakini wenyewe huishia mbele, ukaunguza konea. Miwani inayozuia mmoja yaweza kuupitisha mwingine kana kwamba hakuna kitu. Ndiyo maana juu ya miwani ya kinga huandikwa namba za nanomita, pamoja na kiwango cha uzuiaji: kiwango cha 6 maana yake ni kwamba sehemu moja tu katika milioni ndiyo inayopita. Tumeona tafsiri za maelezo ya matumizi ambamo namba hizo zimeachwa, bila shaka kwa kudhaniwa kwamba namba si lugha, pakabaki maneno "vaa miwani". Fundi wa kuchomelea ana miwani yake nyeusi. Ataivaa hiyo, na kwa kazi hii haina thamani. Iandikwe: "miwani ya kinga ya nanomita 1064", bila kufupisha.

Kadhalika moshi. Plastiki ya PVC, ambayo mafundi wanaijua kwa mabomba, isiwekwe chini ya mwale kabisa, maana hutoa hidrojeni kloraidi, gesi inayochoma mapafu na kuzila reli za mashine.

Juu ya umeme tutapita upesi. Sumbawanga kwa miaka mingi ilitumia umeme uliotoka Zambia badala ya gridi ya taifa, na wenye mashine huko wana uzoefu wa kutosha wa umeme kupanda na kushuka. Stabilaiza ihesabiwe katika bei tangu mwanzo. Mrija wa leza ya gesi hupozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu. Pampu ikisimama na mwale ukiendelea, mrija hupasuka, na mrija wenyewe hata usipopasuka huchakaa baada ya maelfu machache ya saa. Faiba za nguvu ndogo hupozwa kwa feni tu. Hili lafaa lipimwe na mnunuzi aliye mbali na Dar es Salaam, kwa kuwa tofauti ya bei siku ya kununua yaweza kuliwa na mirija miwili na nauli yake.

Kwa karakana ya vyuma tuliyoitaja, maelezo ya ununuzi yangeweza kusomeka hivi: "Mashine moja ya kutia alama kwa leza ya faiba, yenye nguvu ya mwale ya wastani isiyopungua wati 30, urefu wa wimbi nanomita 1064, uwanja wa kazi usiopungua milimita 110 kwa 110, iwezayo kubabua chuma kisichoshika kutu na kuchonga chuma cha jembe hadi kina cha sehemu mbili za kumi za milimita, pamoja na kifuniko cha kuzuia mwale, feni ya kuvuta moshi, na miwani miwili ya kinga ya nanomita 1064." Mnunuzi ampelekee muuzaji kipande cha jembe lake mwenyewe, adai kirudi kimechongwa kabla hajalipa.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Ndani ya mashine ya faiba kuna vioo viwili vidogo vinavyotikisika kwa kasi ili kuuelekeza mwale mahali panapotakiwa. Wauzaji huviita "galvo", neno lisilomwambia kitu mwanafunzi wa ufundi. "Vioo elekezi" ni pendekezo letu, lakini ni la mezani. Walimu wa vyuo vya ufundi stadi, pamoja na wahunzi wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo wanaotumia Kifipa kazini, wanaombwa watuletee maneno wanayoyatumia wao, hata yale ambayo hawayaoni kuwa ya kuandikwa, pamoja na sentensi moja inayoonyesha kila neno linavyotumika.